Shajara ya kadi za Kijerumani: mwezi mmoja na neno Hängematte

Jumamosi, wiki ya kwanza

Mradi wenyewe ni huu: kadi 60 za maneno ambatani ya Kijerumani, kwa ajili ya darasa langu la jioni hapa Dar es Salaam. Mbele ya kadi kuna neno. Nyuma kuna mkato wake, maana ya kila kipande kwa Kiswahili, na mistari mitatu inayoeleza neno lilikotoka. Wanafunzi wangu wengi ni wauguzi wanaojiandaa kwenda kufanya kazi Ujerumani, na kinachowatisha kuliko sarufi ni urefu wa maneno. Ukiwaandikia Krankenversicherungskarte ubaoni, kalamu zinawekwa chini. Ukiwakatia Kranken, Versicherung, Karte, yaani wagonjwa, bima, kadi, wanapumua na kuendelea kuandika.

Leo nimemaliza kadi 11. Handschuh ni kiatu cha mkono, yaani glavu. Kühlschrank ni kabati la kupoza. Schildkröte ni chura mwenye ngao, na huyo ni kobe. Kindergarten, bustani ya watoto, ndilo rahisi kuliko yote kwa sababu tunamjua aliyeliunda na mwaka alioliunda: Friedrich Fröbel, huko Bad Blankenburg, 1840. Mtoto kwake alikuwa kama mche unaohitaji mtunza bustani. Sina la kuongeza hapo.

Kadi ya 12 nimeiandika usiku nikiwa nimechoka: Hängematte. Hängen, kuning'inia. Matte, mkeka. Mkeka unaoning'inia. Nimechora minazi miwili na wavu katikati, nikafunga daftari.

Jumanne, wiki ya pili

Nimewaonyesha kadi za kwanza. Hängematte wameipenda mno, kwa sababu mkeka kila mtu anao kwao na kuning'inia si jambo la kueleza. Kisha dada mmoja anayekaa nyuma karibu na dirisha, muuguzi wa wodi ya wazazi, akanyosha mkono.

"Mwalimu, samahani. Mbona Waingereza wanasema hammock? Linafanana na hili, lakini kwao ham siyo kuning'inia, wala mock siyo mkeka."

Nimemjibu kwamba labda Waingereza walilichukua kwa Wajerumani wakaliharibu. Nimesema kwa sauti ya mtu mwenye uhakika, darasa likaandika. Njiani kurudi nyumbani nimekaa dirishani kwenye daladala nikijua kwamba nimewadanganya. Sikuwa na ushahidi wowote. Nilikuwa na neno linalokatika vizuri, basi.

Alhamisi, wiki ya pili

Siku mbili nimeshinda na kamusi za asili ya maneno. Ile ya Friedrich Kluge, iliyotoka mara ya kwanza 1883, ndiyo ninayoiamini kwa mambo mafupi. Kwa marefu unakwenda kwa ndugu Grimm, Jacob na Wilhelm, walioanza kutoa kamusi yao kuu huko Leipzig mwaka 1854. Wilhelm aliandika herufi D peke yake akafariki. Jacob alifariki 1863 akiwa kwenye neno Frucht, tunda, ndani ya herufi F. Kwa hiyo H hawakuifikia. Iliandikwa na Moriz Heyne, na kamusi nzima ikaja kukamilika 1961. Nayataja haya kwa sababu kazi ya kadi 60 ilianza kunitia uvivu, na kuwakumbuka watu hawa kumenitia nguvu.

Jibu la dada wa dirishani ni hili. Hängematte halikuundwa na hängen na Matte. Liliingia Ulaya likiwa neno zima, lisilo na mshono, kutoka visiwa vya Karibi. Wataíno, wenyeji wa visiwa vile, waliita kitu hicho hamaka. Oktoba 1492, siku chache tu baada ya kutia nanga, Kolumbasi aliandika katika shajara ya safari kwamba watu wa kule hulala kwenye vitu vinavyofanana na nyavu za pamba. Shajara hiyo tunaisoma leo kupitia muhtasari wa padri Bartolomé de las Casas. Wahispania wakalichukua neno kama walivyolisikia: hamaca. Wafaransa wakaliita hamac. Hao Waingereza niliowasingizia Jumanne walilipata kwa Wahispania, na wao hawakuliharibu sana. Waliolibadilisha ni Waholanzi.

Kwa Kiholanzi cha zamani linaonekana umbo hangmak. Hapo hamac imeshaanza kuvaa nguo, kwa sababu hang kwa Kiholanzi ni kuning'inia, na kitu chenyewe kweli kinaning'inia. Mak haikuwa na maana. Haikuchukua muda mabaharia wakaigeuza mat, mkeka. Hangmat. Sauti chache tu zimehama, na neno la Kitaíno limekuwa la Kiholanzi kuanzia kichwani hadi miguuni.

Katika karne ya 17 Wajerumani wengi walikuwa wakipanda meli za Kampuni ya Kiholanzi ya India Mashariki, iliyoundwa 1602, wengine mabaharia, wengine askari. Ndani ya meli zile walilala ndani ya hangmat. Wakalirudisha neno nyumbani wakilitafsiri kipande kwa kipande, jambo lililokuwa jepesi kwani lugha hizi mbili ni ndugu: hangen na hängen, mat na Matte.

Nimeifuta kadi ya 12.

Ijumaa, wiki ya pili

Sikupata usingizi, nikaendelea. Kuna Mjerumani aliyelala ndani ya kitu hiki, au angalau alikiona kila siku, kabla lugha yake haijakipa jina la Hängematte. Ni Hans Staden, mtu wa Hesse, aliyetekwa na Watupinambá kwenye pwani ya Brazili katika miaka ya 1550. Aliporudi kwao alichapisha kitabu cha masaibu yake huko Marburg mwaka 1557. Humo anaeleza kwamba wale watu hulala ndani ya vitu vilivyosukwa kwa uzi wa pamba, vilivyofungwa kwenye nguzo mbili juu ya ardhi, na usiku wote moto huwaka kando. Jina analolitoa ni la wenyewe, la Kitupi: inni.

Nimeisoma sehemu hiyo mara tatu. Staden alikuwa na hängen. Alikuwa na Matte. Vipande vyote viwili vilikuwamo kinywani mwake tangu utoto, na kitu chenyewe kilikuwa mbele ya macho yake miezi na miezi, lakini hakuviunganisha. Kama Hängematte lingekuwa limezaliwa kwa kuangalia kitu na kukipa jina, hapo ndipo pangekuwa mahali pake. Hakuna ushahidi ninaoweza kuwapa wanafunzi ulio wazi kuliko huu.

Na Wareno, waliokuwa wakikiona kitu hichohicho Brazili, walikiita rede, wavu, na ndivyo Wabrazili wanavyokiita mpaka leo.

Jumanne, wiki ya tatu

Nimelianza darasa kwa kuomba radhi. Nimesema: wiki iliyopita niliwapa jibu ambalo sikuwa nalo, futeni. Kisha nimewasimulia yote, kuanzia Karibi. Dada wa dirishani ametabasamu tu, akageuza ukurasa.

Swali la leo limetoka kwa kijana anayefanya kazi maabara: "Sasa Mwalimu, tuseme Wajerumani wamekosea?"

Nimemwambia hapana, nikamrudisha kwenye lugha yake. Nimeandika ubaoni: kitabu, vitabu. Kwa Waarabu neno ni kitāb, na hiyo ki ni nyama ya neno lenyewe, k yake imo katika mzizi. Sisi tuliisikia ki, tukaijua, kwa sababu ki kwetu ni mlango wa ngeli: kiti, kisu, kikombe. Kikiwa kimoja kitabu, vikiwa vingi vitabu. Mwarabu hana neno vitabu. Nikaandika mwalimu, walimu. Asili ni muʿallim, na ile mu ya mwanzo tuliipokea kama m ya mtu. Nikamaliza na kipilefti. Hapo darasa zima limeinuka, maana kila mmoja anapita kwenye kipilefti akija darasani, na wachache waliwahi kujiuliza kwamba ni kibao cha Kiingereza cha keep left kilichoingia katika ngeli ya ki-vi, kikazaa vipilefti.

Hili ndilo nililolitafuta tangu kadi ya kwanza, nami nimelipata nikiwa nimeshika chaki. Neno geni likifika, wenyeji hulivika nguo waliyonayo kabatini. Kijerumani na Kiholanzi vina kawaida ya kushona maneno mawili pamoja, kwa hiyo wao walisikia maneno mawili. Sisi tuna ngeli, tukasikia ngeli. Hakuna kilichoharibika. Anayesema Hängematte anasema Kijerumani safi, kama anayesema walimu anavyosema Kiswahili safi.

Halafu kuna jinsia ya neno, ambayo kwa mwanafunzi wa Kijerumani ni mateso ya kila siku. Katika neno ambatani, kipande cha mwisho ndicho kinachotawala. Matte ni die, yaani ya jinsia ya kike, kwa hiyo die Hängematte, wingi die Hängematten. Neno lilipokubali kuvishwa Matte lilikubali pia sarufi yake yote. Hata kitabu kilipata ngeli yake kwa mlango huohuo, kikapata hiki, hivi, changu, vyangu.

Jumamosi, wiki ya tatu

Jambo hili lina jina, na jina lenyewe ni neno ambatani la Kijerumani: Volksetymologie. Ernst Förstemann aliliingiza katika taaluma kwa makala ya mwaka 1852 kuhusu namna watu wa kawaida wanavyoyaelewa upya maneno wasiyoyajua asili yake. Alikuwa mkutubi. Baadaye, akiwa Dresden, aliketi na kitabu cha kale cha Wamaya kilichohifadhiwa kule na kufumbua hesabu za kalenda yake. Mtu mmoja huyohuyo. Nikiwafundisha wanafunzi kwamba mkutubi anaweza kuifanya kazi namna hiyo, mimi mwenyewe hupata hamu ya kurudi mezani.

Kwa Kiswahili nimejaribu etimolojia ya umma, nikaona inasikika kama wizara. Etimolojia ya mitaani ina dharau ndani yake. Nimeandika etimolojia ya watu, na hapo nimetulia.

Nimezipitia upya kadi zote 60 nikiwa na hofu. Hofu ilikuwa ya haki.

Maulwurf, fuko: niliandika mrusho wa mdomo, Maul mdomo wa mnyama, Wurf mrusho. Uongo. Fuko hurusha udongo kwa mikono. Umbo la kale ni mūwerf, mrusha chungu ya udongo. Ile mū iliposahaulika watu wakaweka neno la udongo, molte, na hilo nalo liliposahaulika wakaweka Maul. Yaani neno limeshonwa upya mara mbili, na kila mara na watu waliotaka tu kuelewa wanachokisema.

Vielfraß: viel, mengi, na Fraß, ulaji. Mlafi. Ni mnyama wa nchi za baridi kaskazini, ndugu wa nyegere wetu. Asili yake ni neno la Kinorwe, fjeldfross, paka dume wa mlimani. Wafanyabiashara wa ngozi walilisikia vibaya, na tangu hapo mnyama akawa na sifa ya ulafi. Jina lake la kisayansi ni Gulo gulo, na gulo kwa Kilatini ni mlafi. Huyu namsikitikia kwa dhati.

Armbrust, upinde wa mtambo: mkono na kifua. Kumbe ni arcuballista ya Kilatini, haina mkono wala kifua. Murmeltier: mnyama anayenung'unika. Kumbe ni panya wa mlimani, tena wa Kilatini.

Friedhof na Sintflut nimeziweka pembeni, kwa kuwa mshono wao ni wa kweli ila kipande cha kwanza si kile unachodhani. Friedhof, makaburi, husomwa uwanja wa amani, kutoka Friede. Zamani ulikuwa uwanja uliozungushiwa ua, uwanja wa hifadhi mbele ya kanisa. Kwa mkondo wa kawaida wa sauti neno lingekuwa Freithof, na baadhi ya lahaja za Bavaria na Austria bado husema hivyo. Amani ndiyo iliyolivuta kando. Sintflut ni gharika ya Nuhu. Sin ya kale ilimaanisha kuu, ya kila mahali. Iliposahaulika watu wakasikia Sünde, dhambi, wakaandika Sündflut, gharika ya dhambi. Kwa hadithi ile ya Nuhu, nani angewalaumu?

Uamuzi wa leo: kadi za kawaida zinabaki na mstari wa mkato uliokolea. Tano hizi, yaani Hängematte, Maulwurf, Vielfraß, Armbrust na Murmeltier, mkato wao utakuwa wa nukta. Mbili za pembeni zitapata mstari uliokolea na kinyota juu ya kipande cha kwanza.

Jumatano, wiki ya nne

Nimekwama kwenye tafsiri. Hängematte kwa Kiswahili ni nini?

Niliandika machela, nikiwa na sababu nzuri: neno hili tulilipata kwa Wareno, machila, na zamani lilikuwa kitambaa au wavu uliofungwa kwenye mti mrefu, wapagazi mabegani, mtu amelala ndani. Wauguzi wamenikatalia kwa pamoja. "Mwalimu, machela tunabebea mgonjwa. Nikifika Ujerumani nikiambiwa lete Hängematte nitaleta machela?" Wana haki. Machela ya hospitali kwa Kijerumani ni Trage, na hii ni kazi yao, kosa la namna hiyo halifai kutoka kwangu.

Bembea? Watoto ndio hubembea. Mama mmoja wa makamo, mwenyeji wa Pangani, amesema taratibu: "Mimi naona kama susu." Nusu ya darasa hawakulijua. Akawaeleza susu la jikoni kwa bibi yake: kamba za ukindu zilizosukwa, zimetungikwa darini, ndani yake chungu cha mboga kilichofunikwa, panya hafiki. Likipigwa na upepo linayumba kidogo. Alikuwa akieleza kwa mikono yote miwili, akisuka hewani.

Nimelipenda susu kuliko ninavyoweza kueleza. Lakini susu halilali mtu.

Jumapili, wiki ya nne

Nimekwenda Kunduchi asubuhi kwa wavuvi kutafuta kitu chenyewe, maana nimechoka kukichora. Mzee mmoja alikuwa ameketi kivulini na sindano ya nyavu, ameutandaza wavu miguuni, akiziba tundu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, karibu. Unataka samaki? Samaki kule."

"Nataka wavu, mzee. Wa kulala mtu, ufungwe kwenye miti miwili."

Amenitazama kidogo, akasema, "Kitanda cha wavu." Hakuuliza zaidi. Amenipima kwa macho, akapima kwa mikono, pima moja na nusu urefu, akachagua kipande cha wavu wa zamani wenye macho madogo ili vidole visinase. Amekusanya macho ya ukingoni, akayapitisha kamba nene moja baada ya jingine, akavuta. Wavu ukajikunja na kuwa kama ganda la ndizi. Upande wa pili vilevile. Nailoni, si pamba, lakini umbo ni lilelile alilolieleza Staden.

Kitanda cha wavu. Mzee hakuwahi kusikia habari za Kolumbasi akiandika vitanda vya nyavu, wala za rede ya Wabrazili. Alikiangalia kitu, akakipa jina. Kiswahili kimepata hapa neno ambatani la kweli, lenye mshono wa kweli.

Jumanne, wiki ya tano

Tumekitungika kati ya miarobaini miwili nyuma ya darasa. Fundo la kwanza limelegea na kijana wa maabara amekaa chini kwenye vumbi. La pili limeshika. Kila aliyepanda ametakiwa kusema sentensi moja kamili: Ich liege in der Hängematte, nimelala ndani ya kitanda cha wavu. Na aliyekuwa akipanda: Ich lege mich in die Hängematte, najilaza ndani ya kitanda cha wavu. Der ukiwa umeshalala, die ukiwa unaingia. Miaka yote nimefundisha tofauti hii kwa kalamu juu ya meza, na haijawahi kueleweka kwa dakika kumi kama leo.

Kadi zinakwenda kuchapishwa Ijumaa. Zimebaki nne ambazo sijaridhika na maelezo yake. Ya 12 imekwisha, nami nainakili hapa kama itakavyotoka:

*die Hängematte, wingi die Hängematten. Kitanda cha wavu. Mkato (wa nukta): hänge · matte. Asili: hamaka (Kitaíno, visiwa vya Karibi), hamaca (Kihispania), hamac (Kifaransa), hangmak, kisha hangmat (Kiholanzi), Hängematte (Kijerumani, karne ya 17). Kuning'inia na mkeka viliongezwa njiani.*